Wakili Aliyebebeshwa Jina la Wateja Wake

Kila siku maelfu ya wakazi wa Nairobi hupita katika Barabara ya Argwings Kodhek, mtaani Hurlingham, wakienda kwenye shughuli zao. Hivi majuzi niliwauliza wanafunzi wangu wa isimu mwenye jina hilo alikuwa nani. Wengi walinyamaza. Mmoja alikisia kwamba alikuwa mlowezi wa Kizungu, eti kwa sababu jina lenyewe lina mlio wa kigeni. Nilisikitika, kwa maana mtu huyo ndiye Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, na laiti wangalimjua, huenda wangaliielewa vyema zaidi haki ambayo wao wenyewe wanaweza kuihitaji kesho.

C.M.G. Argwings-Kodhek alizaliwa Gem, Nyanza, mwaka wa 1923. Alisoma Yala, kisha Makerere nchini Uganda, akawa mwalimu kabla ya kwenda Uingereza kwa masomo zaidi. Huko aligeukia sheria, akaidhinishwa kuwa wakili katika Lincoln's Inn, London, mwaka wa 1951. Aliporejea nyumbani mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilikuwa tayari kumwajiri, lakini kwa mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu mwenye elimu kama yake. Aliikataa kazi hiyo, akafungua ofisi yake mwenyewe.

Wakati huo nchi ilikuwa inawaka moto. Mnamo Oktoba 20, 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa. Kuanzia mwaka wa 1953, mahakama maalum ziliundwa ili kuharakisha kesi za Mau Mau. Kupatikana na risasi moja tu, kuandamana na wapiganaji, au kulisha watu kiapo, yote hayo yalikuwa makosa ambayo yangeweza kumfikisha mtu kitanzini. Mwafrika hakuhukumiwa na wenzake. Jaji aliketi na wazee wa baraza ambao ushauri wao hakulazimika kuufuata. Kufikia mwisho wa vita hivyo, Waafrika zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa.

Katika mazingira hayo, Kodhek alisimama kuwatetea washtakiwa. Hakuwa peke yake, na haki yatudai tuwataje pia mawakili wa Kihindi kama Achhroo Kapila na Fitz de Souza, waliotetea kwa ujasiri mkubwa. Lakini Kodhek alikuwa Mwafrika aliyewatetea Waafrika, tena Mjaluo aliyewatetea Wakikuyu siku ambazo mkoloni alifanya kila juhudi kuyatenga makabila. Upesi akabandikwa jina: wakili wa Mau Mau.

Mimi, kama mwanaisimu, hulitafakari sana jina hilo. Lilikusudiwa kuwa tusi. Lilifanya hila moja ya lugha, nayo ni kumvika mtetezi kosa la anayetetewa, kana kwamba kumsemea mshtakiwa ni kushiriki tendo analoshtakiwa. Kodhek alilibeba jina hilo bila kuiacha kazi. Wanyonge walilisikia kama sifa.

Hila hiyo haijafa. Hata leo, wakili akisimama kumtetea mtu anayeshukiwa kuiba au kuua, utawasikia watu wakimwita wakili wa wezi au wa wauaji. Wanasahau kwamba mshukiwa si mhalifu mpaka kosa lithibitishwe.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mahakama moja ambako kijana wa jirani yangu alishtakiwa wizi. Hakuwa na wakili. Aliposomewa mashtaka alijibu kuwa ni kweli, na papo hapo ikaandikwa kwamba amekiri kosa. Kumbe alichokubali ni kuwa alikuwepo mahali pale siku ile! Maneno mawili tu, nusura yampeleke jela. Kabla ya hukumu kutolewa, wakili mmoja aliyejitolea bila malipo alimweleza hakimu maana ya jibu lile, na kesi ikaanza upya. Nilirudi nyumbani nikiwaza juu ya wale wa mwaka wa 1953, waliosema Kikikuyu mbele ya jaji aliyeandika Kiingereza, huku uhai wao ukining'inia katika ulimi wa mkalimani.

Kodhek aliingia pia katika siasa. Mwaka wa 1955 alijaribu kuunda chama cha kitaifa, lakini mkoloni aliruhusu vyama vya wilaya tu. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1957 alishindwa na Tom Mboya jijini Nairobi. Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Gem, na hatimaye Waziri wa Mambo ya Nje. Alifariki Januari 1969 kufuatia ajali ya gari katika barabara hiyo hiyo inayoitwa kwa jina lake leo.

Katiba ya mwaka wa 2010 inampa mshtakiwa haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali iwapo kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa, na haki ya kupata mkalimani bila malipo. Sheria ya msaada wa kisheria nayo ilipitishwa mwaka wa 2016. Maandishi hayo ni mazuri. Hata hivyo, maskini wengi bado husimama kizimbani peke yao, wakijibu maswali wasiyoyaelewa.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kodhek aliwaona wanyonge wakinyongwa, naye akadai wapewe haki yao kwanza. Serikali na iajiri mawakili na wakalimani wa kutosha katika kila mahakama. Nasi wananchi tukome kumtusi yule anayesimama kumsemea mshtakiwa, kwani hakuna ajuaye siku ambayo yeye, au mwanawe, ataitwa kizimbani.