Guttmann, daktari aliyewaokoa waliovunjika uti wa mgongo

Ludwig Guttmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1899. Mwaka 1917, akihudumu hospitalini, alimshuhudia mchimba makaa aliyevunjika uti wa mgongo akifariki wiki chache baadaye kwa maambukizi.

Aliwakimbia Wanazi mwaka 1939, akahamia Uingereza. Mwaka 1944 alifungua kituo cha Stoke Mandeville, akaagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wasipate vidonda vya kulala upande mmoja, na kibofu kilindwe dhidi ya maambukizi.

Michezo aliyoianzisha hapo mwaka 1948 ilizaa Paralimpiki, ambako Kenya ilishiriki mara ya kwanza mwaka 1972. Alifariki mwaka 1980.

Kwa familia ya Kimilili inayomuuguza majeruhi nyumbani, funzo lake la kwanza halihitaji mitambo: ni saa, usafi na mikono ya kumgeuza.