Daktari wa Farasi Aliyefanya Wadudu Wawe Mashahidi

Kama umewahi kununua ng'onda Shimoni ama Gazi, wale wadudu wadogo wanaotoboa samaki mkavu unawajua. Kuna mweusi mwenye tumbo jeupe, na kuna wa buluu anayeng'aa mwenye miguu myekundu. Wavuvi wanawachukia kinoma. Sasa skiza: ukoo wao, Dermestidae na Cleridae, husaidia makarao kujua mtu alidedi lini. Msee aliyeipanga hiyo elimu ikaeleweka anaitwa Jean-Pierre Mégnin.

Mégnin alizaliwa 1828 huko Hérimoncourt, mashariki mwa Ufaransa. Hakuwa sanse, wala hakutibu watu. Alikuwa daktari wa mifugo jeshini, na wateja wake walikuwa farasi. Lakini jamaa alinaswa na vidudu vinavyowasumbua wanyama, hasa utitiri, akavisoma hadi akavijua kama majirani zake.

Mwaka wa 1878, daktari mmoja wa Paris, Brouardel, alipata mwili wa mtoto mchanga uliokauka kabisa. Alikufa lini? Mwili mkavu hivyo haukuambii kitu ukiuangalia kwa macho tu. Mégnin akaitwa. Alihesabu utitiri na maganda yao, akapiga hesabu ya vizazi vilivyopita hapo, akakadiria mwili ulikuwa umekaa miezi mingapi.

Unaweza kuuliza, tarehe ni ya nini na mtu ashakufa? Rudi nyuma kidogo, 1850, mji wa Arbois, hukohuko Ufaransa. Fundi alikuwa anakarabati nyumba, akapata mwili wa mtoto umefichwa ukutani. Macho yote yakawageukia wapangaji waliokuwa wakiishi hapo. Daktari Bergeret akaangalia wadudu, akaona mwili uliwekwa karibu 1848, kabla hao wapangaji kuhamia. Wadudu waliwaokoa.

Mégnin alitaka hiyo isiwe bahati ya siku moja. Mwaka wa 1894 akatoa kitabu, La Faune des cadavres, akaonyesha kuwa mwili ulioachwa wazi hutembelewa na vikundi 8 vya wadudu, kila kimoja na zamu yake. Nzi ndio hufungua mlango. Mafuta yakichacha, Dermestidae wanaingia. Cleridae wanafuata. Baadaye wanakuja Silphidae, pamoja na Histeridae ambao huwinda mabuu ya nzi. Mwishoni kabisa, miaka ikishapita, wanabaki wale wa kula mabaki makavu. Ukijua nani yuko mezani, unajua karamu ilianza lini.

Mégnin alifariki 1905, lakini wapelelezi duniani bado wanatembea kwenye njia yake.

Ila kuna shida moja. Ratiba yake ilipimwa kwenye baridi ya Ufaransa. Hapa Msambweni, joto na unyevu ni mambo mengine kabisa, na mabuu hukua mbio. Ukileta miezi ya Paris hapa Diani, unaweza kumfunga mtu ambaye siku hiyo hakuwa hata Kwale, na muuaji akaendelea kula upepo ufuoni.

Kwa hivyo lazima wadudu wa huku wasomwe hukuhuku. Pale Muhaka, icipe tayari ina kituo cha kusoma wadudu. Wewe unayependa bayolojia na umeambiwa haina doo, kumbuka mtibu farasi mmoja alianza na utitiri tu.