Mason Sones

Frank Mason Sones Jr. (28 Oktoba 1918 – 28 Agosti 1985) alikuwa daktari bingwa wa moyo kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuanzisha angiografia ya ateri za moyo, yaani njia ya kupiga picha za ateri hizo kwa kupitisha mrija mwembamba (katheta) ndani ya mishipa ya damu mpaka kwenye mdomo wa kila ateri.

Ateri za moyo ndizo zinazopeleka damu kwenye msuli wa moyo wenyewe. Zikipungua upana kwa sababu ya mafuta yanayojengeka katika kuta zake, mtu anaweza kupata maumivu ya kifua anapofanya kazi au kupanda mlima. Ateri ikiziba ghafla, hupatwa na shambulio la moyo. Kabla ya Sones, madaktari walitambua ugonjwa huu kwa dalili na kwa kipimo cha umeme wa moyo, lakini hawakuweza kuona vizuri mahali penyewe palipoziba kwa mtu aliye hai.

Maisha ya awali

Sones alizaliwa Noxapater, katika jimbo la Mississippi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Maryland na kuhitimu mwaka 1943. Baada ya kutumikia jeshi aliendelea na mafunzo katika Hospitali ya Henry Ford, mjini Detroit. Mwaka 1950 alijiunga na Cleveland Clinic, katika jimbo la Ohio, akafanya kazi huko kwa miaka mingi. Mwanzoni alishughulika zaidi na watoto waliozaliwa na kasoro za moyo.

Hali kabla ya mwaka 1958

Kuingiza katheta moyoni hakukuwa jambo jipya. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, alijipitishia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, akathibitisha kwa picha ya eksirei. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards.

Hata hivyo, ateri za moyo ziliogopwa. Iliaminika kwamba dawa inayoonekana kwenye eksirei ikimiminwa moja kwa moja ndani ya ateri mojawapo, moyo ungeanza kutetemeka bila kusukuma damu na mgonjwa angekufa. Kwa hiyo madaktari waliimwaga dawa hiyo kwenye aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni, wakitumaini kwamba kiasi kidogo kingeingia katika ateri hizo. Picha walizopata hazikuwa wazi.

Tukio la Oktoba 1958

Tarehe 30 Oktoba 1958 Sones alikuwa akimpima kijana wa miaka 26 aliyekuwa na ugonjwa wa vali ya moyo. Alikusudia kupiga picha ya aota na vali yake tu. Yeye alikuwa ndani ya shimo chini ya meza ya mgonjwa, akitazama picha kwenye mtambo wa eksirei, na msaidizi wake alikuwa juu. Dawa ilipoanza kusukumwa, Sones aliona kwamba ncha ya katheta ilikuwa imeingia katika ateri ya kulia ya moyo. Takriban mililita 30 zilipita kabla ya mrija kuondolewa.

Moyo wa mgonjwa ulisimama. Sones alitoka shimoni akitafuta kisu cha kufungulia kifua, kwa maana wakati huo ndiyo ilikuwa njia iliyozoeleka ya kuushtua moyo unaotetemeka. Alipotazama kipimo cha umeme aliona kwamba moyo hautetemeki, bali umetulia kabisa. Mgonjwa alikuwa bado na fahamu, naye akamwamuru akohoe kwa nguvu mara kwa mara. Kikohozi kiliisukuma dawa itoke kwenye ateri, na mapigo yakarudi.

Sones alitambua kwamba ikiwa moyo umestahimili kiasi kikubwa namna ile, basi kiasi kidogo kingeweza kutumika kwa makusudi. Alitengeneza katheta yenye ncha laini iliyopitishwa kwenye ateri ya mkono, akarekodi picha kwenye filamu ya sinema. Mwaka 1962 alichapisha maelezo ya njia hiyo pamoja na mwenzake Earl Shirey.

Matokeo ya kazi yake

Filamu za Sones zilifungua njia ya matibabu mapya. René Favaloro, daktari wa upasuaji kutoka Argentina aliyekuwa ametumikia kijiji cha Jacinto Aráuz kwa miaka 12, alifika Cleveland mwaka 1962 akawa akizichunguza filamu hizo. Mwaka 1967 alianza kutumia kipande cha mshipa wa mguu kuipitisha damu kando ya sehemu iliyoziba. Mwaka 1977 Andreas Grüntzig alifanya mjini Zürich matibabu ya kwanza ya kupanua ateri ya moyo ya mgonjwa kwa kiputo kilichofungwa kwenye katheta.

Angiografia na vipimo visivyoingia moyoni

Kwa miongo mingi angiografia ya Sones ilikuwa kipimo ambacho vingine vyote vililinganishwa nacho. Faida yake kubwa ni kwamba daktari akiona ateri imeziba anaweza kuizibua papo hapo. Lakini inahitaji kutobolewa kwa ateri. Mara chache huleta kutokwa na damu, kiharusi au shambulio la moyo. Vifo ni chini ya mtu 1 katika kila 1,000. Pia inaonyesha njia ya damu tu, wala si ukuta wa ateri wenyewe.

Tangu miaka ya 2000 mashine za CT scan zenye kasi zimeweza kupiga picha za ateri za moyo kwa kudunga dawa kwenye mshipa wa mkono tu. Picha hizo huonyesha pia mafuta na kalsiamu ndani ya kuta. CT ikionyesha ateri safi, daktari anaweza kuuondoa ugonjwa huu kwenye orodha kwa uhakika mkubwa. Udhaifu wake ni kwamba kalsiamu nyingi, mapigo ya haraka au yasiyo na mpangilio huharibu picha. Tena, kama angiografia, hutumia mionzi na dawa inayoweza kudhuru figo zilizo dhaifu.

Utafiti wa DISCHARGE, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 3,561 wa Ulaya wenye maumivu ya kifua yasiyo ya ghafla. Baada ya miaka 3.5 hivi, vifo vya moyo, shambulio la moyo na kiharusi havikutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika: asilimia 2.1 kwa walioanza na CT na asilimia 3.0 kwa walioanza na katheta. Madhara makubwa ya vipimo na matibabu yaliyofuata yalikuwa asilimia 0.5 dhidi ya 1.9. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kuanza na kipimo cha nje kunatosha mara nyingi. Kwa mwenye shambulio kali la moyo hali ni tofauti: huyo huhitaji katheta haraka.

Nchini Tanzania

Nchini Tanzania vipimo na matibabu ya katheta hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kwa mkazi wa Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo katika Mkoa wa Rukwa, safari ya kufika huko kupitia Sumbawanga na Mbeya ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo swali la nani anahitaji katheta na nani anaweza kupimwa bila hiyo lina uzito zaidi. Kipimo cha umeme wa moyo na ekokadiografia husaidia kuamua nani apewe rufaa, ingawa kipimo cha umeme kikiwa cha kawaida hakithibitishi kwamba ateri ni nzima.

Tuzo na kifo

Mwaka 1978 Sones alikuwa rais wa kwanza wa chama cha madaktari wa angiografia ya moyo kilichoundwa nchini Marekani. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Lasker.

Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na alijulikana kwa kuishika sigara kwa koleo safi la upasuaji akiwa kazini. Alifariki mjini Cleveland kwa saratani ya mapafu akiwa na umri wa miaka 66.