Sayyid Abdalla bin Ali: Mshairi wa Pate aliyepima thamani ya mali kwa magofu

MSAFIRI anayekwenda katika kijiji cha Pate, Kaunti ya Lamu, hana budi kusubiri maji yajae ndipo chombo kiweze kuukaribia mji. Akishateremka na kuzipita nyumba za wenyeji, hukutana na kuta za mawe ya matumbawe zilizobomoka. Kati ya kuta hizo wakulima wamepanda tumbaku.

Humo waliishi watu waliohesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa upwa wa Afrika Mashariki. Aliyeuona utajiri huo ukimalizika, akautungia shairi ambalo halijasahaulika hadi leo, ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi.

Inakadiriwa kuwa Sayyid Abdalla aliishi kati ya miaka ya 1720 na 1820. Alitoka katika ukoo wa masharifu wa Sheikh Abubakar bin Salim, walii wa mji wa Inat huko Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1584. Wazao wa walii huyo walihamia Pate, wakaheshimiwa kwa elimu na nasaba yao. Kwa hivyo mshairi huyu alizaliwa upande wa wenye neema na cheo.

Jambo hilo ndilo linaloyapa maneno yake uzito. Maskini akisema kuwa mali si kitu, wasikilizaji hudhani ni wivu. Lakini akisema hivyo aliyekula katika sahani hizo hizo na kukaa katika kumbi hizo hizo, mtu hulazimika kusikiliza.

Pate ya ujana wake, chini ya wafalme wa Nabahani, ilikuwa mji wa biashara ya ng’ambo. Pembe za ndovu na boriti za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Bara Hindi. Vyombo hivyo vilirudi na vitambaa, shanga na vyombo vya kaure kutoka Uchina. Mafundi wa mji huo walisifika kwa ufumaji wa hariri tangu zama za Wareno.

Katika nyumba za waungwana, kuta za ndani zilichongwa zidaka, yaani vishubaka vidogo vilivyopangwa safu juu ya safu. Humo ziliwekwa sahani za Kichina, si kwa kulia bali kwa kutazamwa. Sahani iliyokaa kidakani haikumshibisha mtu. Thamani yake yote ilikuwa katika macho ya mgeni aliyeingia, akaiona na kumstahi mwenye nyumba.

Neema hiyo haikudumu. Katika miaka ya 1760 na 1770, wakati wa Malkia Mwana Khadija, ugomvi wa kugombea kiti cha enzi uliugawa mji. Bandari nayo ilikuwa ya maji madogo, na biashara ikazidi kuhamia Lamu. Kisha, yapata mwaka 1812, jeshi la Pate likishirikiana na Wamazrui wa Mombasa lilishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Tangu hapo Pate haikuinuka tena.

Ni katika kipindi hicho cha mwisho ambapo wataalamu wengi wanaamini Sayyid Abdalla alitunga Al-Inkishafi, jina lenye maana ya kufunuliwa au kudhihirika. Utungo huo una beti zaidi ya 70 za mishororo minne, na kila mshororo una mizani 10. Uliandikwa kwa hati za Kiarabu. Inasemekana pia kuwa yeye ndiye aliyeitunga Takhmisa ya Liyongo.

Anayeambiwa katika Al-Inkishafi si mfalme wala umma, bali ni moyo wa mshairi mwenyewe. Anauliza kwa nini moyo huo unang’ang’ania kitu ambacho macho yanaona kuwa hakidumu. Anaifananisha dunia na mazigazi yanayomdanganya mwenye kiu akadhani ni maji, na vumbi linalong’aa katika mwanga wa jua, ambalo mtu akilikamata hapati kitu mkononi.

Baada ya hapo anawaingiza wasomaji katika majumba ya Pate. Anawaonyesha matajiri waliotembea kwa maringo wakizungukwa na wafuasi, taa zilizong’aa usiku kama mchana, na vitanda vya fahari. Kisha anawaonyesha wenye nyumba wakiwa kaburini, huku popo na buibui wakitawala vyumba vyao na ndege wakilea makinda katika zidaka zilizokuwa za kaure.

Zidaka ni zile zile. Kilichotoweka ni watu waliokubaliana kwamba vilivyomo vina thamani. Hilo ndilo funzo kubwa la mshairi huyu kuhusu mali na fedha: thamani haimo katika kitu chenyewe, bali hupewa na nyoyo za watu, na nyoyo hizo zina desturi ya kujidanganya.

Udongo wa visiwa hivyo unathibitisha jambo hilo. Huko Shanga, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua sarafu ndogo za fedha zilizotumika karne nyingi kabla ya Sayyid Abdalla kuzaliwa. Katika kisiwa jirani cha Manda, mwaka 2013 ilitangazwa kuwa imepatikana sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Leo sarafu hizo haziwezi kununua hata kikombe cha kahawa sokoni, ilhali kwa wanahistoria hazina bei.

Wanasaikolojia nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1979, Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba mtu hapimi mali kwa jumla ya alicho nacho, bali kwa kulinganisha na pale alipozoea kuwa, na kwamba uchungu wa kupoteza humzidi furaha ya kupata kiasi kile kile. Mtu wa Pate aliyeshuka kutoka kwenye fahari asingehitaji kufundishwa hilo.

Hata hivyo, haki itendeke. Utajiri aliouombolezea Sayyid Abdalla ulitokana pia na jasho la watumwa waliolima mashamba na kubeba mizigo. Utungo wake haukusimama kuuliza ni nani aliyelipia neema hiyo. Hiyo ni hesabu aliyowaachia waliokuja baada yake.

Shairi lenyewe liliokolewa na wanakili. Mmoja wao, Muhamadi Kijumwa wa Lamu, alimwandikia William Hichens nakala, naye Hichens akalichapisha mjini London mwaka 1939. Tangu wakati huo limesomwa shuleni na katika vyuo vikuu vya nchi nyingi.

Hivi leo Lamu ina bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na mazungumzo ya bei za ardhi yamekuwa ya kawaida vibarazani. Ng’ambo ya maji, tumbaku ingali inaota ndani ya kumbi za waungwana wa Pate. Majumba yao yameporomoka na fedha zao hazijulikani zilikokwenda, lakini beti za Sayyid Abdalla, zisizogharimu ila wino na karatasi, zingali mikononi mwa watu.