William Herschel: mwanamuziki aliyeigundua miale ya rimoti

Msikilizaji wa Kasulu au Kibondo anayetaka rimoti iendeshe muziki kwenye kompyuta yake anatumia miale ambayo macho hayaioni. Aliyeigundua alikuwa mpiga muziki.

William Herschel alizaliwa mwaka 1738 huko Hanover, Ujerumani. Alipiga zumari katika bendi ya jeshi, kama baba yake, kisha mwaka 1757 akahamia Uingereza. Mjini Bath alipata kazi ya kupiga kinanda kanisani. Mchana alifundisha muziki, usiku alitazama nyota. Darubini zilikuwa ghali, hivyo akaanza kujitengenezea vioo vyake. Safari moja alisugua kioo saa 16 bila kuachia mkono, mdogo wake Caroline akimlisha tonge kwa tonge. (Caroline naye alikuja kulipwa mshahara kwa kazi ya kuchunguza nyota, tusimsahau.) Mwaka 1781 Herschel aligundua sayari ya Uranus.

Mwaka 1800, akilitazama jua kupitia vioo vya rangi, aliona baadhi vinapitisha joto jingi na mwanga kidogo. Akautawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akapima joto la rangi moja moja, huku vipimajoto vingine vikiwa kando kwa kulinganisha. Nyekundu iliizidi zambarau. Kisha akakisogeza kipimajoto nje ya nyekundu, mahali palipoonekana patupu. Kikapanda zaidi. Kwangu mimi ukubwa wake uko hapo: aliamini kipimo kuliko macho. Wapo waliompinga vikali, na yeye mwenyewe alikuja kutilia shaka kwamba joto lile na mwanga ni vya asili moja. Alifariki mwaka 1822, suala hilo likiwa bado halijaamuliwa. Leo tunajua ni jamii moja, na miale ile tunaiita infraredi.

Taa ya rimoti hupepesa miale hiyo, kwa kawaida kama mara 38,000 kwa sekunde, na kila kitufe kina msimbo wake. Kompyuta nyingi hazina jicho la kuipokea. Huchomekwa kipokezi kwenye tundu la USB, kisha programu inafundishwa kitufe kimoja kimoja. Kipokezi kisikae juani, maana jua nalo linamwaga miale ileile aliyoipima Herschel. Ukitaka kuiona, elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze kitufe. Kwenye simu nyingi utaona taa inamemeta.