Mzee Karume na Vilabu Vyetu Viwili

Ubishi wa mpira hauna mwisho, wala hatuandiki leo ili kuutafutia mwisho. Lakini ule tuliousikia katika kata ya Kabungu, wilayani Tanganyika, mkoa wa Katavi, jioni moja wakulima waliporudi kutoka kwenye tumbaku na mahindi yao, ulitushangaza kwa jambo moja. Wananchi wale hawakuwa wakibishana juu ya mchezaji aliye uwanjani hivi leo. Walikuwa wakibishana juu ya mtu aliyefariki mwaka 1972, na wengi wa waliokuwa wakipaza sauti walikuwa hawajazaliwa mwaka huo.

Mzee mmoja wa Yanga alishikilia kwamba hayati Sheikh Abeid Amani Karume ni mtu wa Yanga, wala hapana haja ya kuulizana, kwa kuwa nyumba ya klabu pale Jangwani ilisimama kwa msaada wake. Kijana wa Simba, akimwita babu kwa adabu zote, akajibu kwamba hata hilo jina la Simba lilitokana na Mzee Karume, na kwamba nyumba huchakaa lakini jina halichakai. Wakaendelea hivyo kwa kitambo, huyu akitaja matofali, yule akitaja jina, mpaka mama mmoja mwenye genge hapo kando akauliza kama kuna anayejua fedha za nyumba ile zilitoka mfuko gani. Watu wakanyamaza kidogo. Ndilo swali lililotufanya tuchukue kalamu, na ili lieleweke vema yapasa tuanze mbali, kabla ya Jangwani na kabla ya urais.

Mzee Karume alizaliwa mwaka 1905. Wapinzani wake wa siasa walipenda kueneza kwamba hakuzaliwa Unguja, na maneno hayo yalifika hata mahakamani mwaka 1957 alipotaka kugombea kura. Mahakama ikampa haki yake. Alikuwa mtoto wa watu wa chini, hakusoma shule nyingi, na angali kijana mdogo akaingia baharini. Alifanya kazi katika meli za mizigo kwa miaka mingi, akaona bandari za dunia, akaona pia jinsi mabaharia wa nchi nyingine wanavyokaa pamoja, wanavyochangishana na kudaiana. Wengi wetu tukisikia kwamba kiongozi fulani alikuwa baharia, hufikiri habari za mawimbi. Sisi twaona kwamba shule yake kubwa ilikuwa ile ya watu kumi na tano wanaolala chumba kimoja na kula sufuria moja, ambapo mwizi wa sukari hujulikana siku hiyo hiyo.

Aliporudi kukaa Unguja katika miaka ya 1930 alifanya kazi ya mashua za injini. Meli kubwa wakati ule zilitia nanga mbali, na abiria walichukuliwa kwa mashua mpaka pwani. Wenye kazi hiyo walikuwa wakigombania abiria na kuangushana bei, mpaka wakaungana wakawa na chama chao, na Karume akawa kiongozi wao. Hapo hapana mtu aliyempa cheo kutoka juu. Watu wa mashua walimtaka wao wenyewe, na siku ambayo hesabu isingesimama wangemwondoa wao wenyewe, tena mchana, mbele ya gati.

Ni wakati huo huo alipokuwa mtu wa mpira. Klabu yake ilikuwa African Sports, klabu ya Waafrika wa mjini Unguja, wengi wao wakiwa wakaaji wa Ng'ambo: wachukuzi, mabaharia, watumishi wa nyumbani na mafundi. Uwanja wa mashindano ulikuwa Mnazi Mmoja, kati ya Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, na yeyote aliyekuwa na macho aliweza kuona katika kipande kile cha majani jinsi nchi ilivyogawanyika: ni nani mwenye kiti kivulini na ni nani anayesimama juani. African Sports haikuwa na tajiri. Jezi zilitokana na ada za wanachama, na mpira ukipasuka ulishonwa. Karume alicheza katika klabu ile na akawa mmoja wa watu walioishikilia. Tena tusisahau kwamba Chama cha Waafrika, African Association, kilichoundwa Unguja mwaka 1934, kilikusanya watu wale wale waliokuwa wakikutana kwa ajili ya mpira na ngoma. Mwananchi aliyekwisha zoea kulipa ada ya mpira na kumwuliza mwekahazina wake maswali hakuona ajabu kulipa ada ya siasa.

Mambo yaliyofuata yanajulikana, nasi tutayapita upesi. Karume akawa kiongozi wa African Association. Tarehe 5 Februari 1957 Waafrika na Washirazi wakaungana ikazaliwa Afro-Shirazi. Mwezi wa Julai mwaka huo akasimama Ng'ambo kupigiwa kura, akamshinda Sheikh Ali Muhsin kwa kura nyingi sana. Mapinduzi yakawa tarehe 12 Januari 1964, Muungano tarehe 26 Aprili, na Mzee Karume akawa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Mpira hakuuacha. Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa Wachina, ulifunguliwa katika utawala wake mwaka 1970.

Sasa turudi Dar es Salaam, kwenye vilabu vya ubishi wetu. Yanga ilianza mwaka 1935, na mwaka uliofuata kikaanza kile kikundi ambacho baada ya kubadili jina mara kadhaa kilijiita Sunderland. Hilo ni jina la mji wa Kiingereza wenye timu yake, iliyochukua ubingwa wa Uingereza mwaka huo huo wa 1936. Sunderland yetu ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1965 na 1966, na Yanga ikatawala mfululizo tangu 1968 hata 1972. Majina yote mawili yalisambaa nchi nzima, kwa redio na kwa watu waliosafiri kwa gari moshi, mpaka mwisho wa reli ya Kaliua kule Mpanda, na kutoka Mpanda yakafika Kabungu kwa miguu na baiskeli.

Ilikuwa mwaka 1971 Mzee Karume alipowataka watu wa Sunderland waliache jina la kigeni. Wakaitikia, na klabu ikaitwa Simba. Nao Yanga walipata msaada wake katika ujenzi wa nyumba yao, pale mtaa wa Twiga na Jangwani, nyumba ambayo kwa miaka mingi ilikuwa fahari ya vilabu vyote vya nchi hii. Kwa hiyo mzee wa Kabungu alisema kweli, na kijana naye alisema kweli. Lakini wote wawili walikosea pale waliposema kwamba Mzee Karume aliongoza klabu yao. Hakuongoza Yanga, wala hakuongoza Simba. Klabu aliyoitumikia kama mwanachama kati ya wanachama ni African Sports, na ajabu ni kwamba katika ubishi wote ule hatukusikia hata mtu mmoja akiitaja.

Sisi twaona tofauti hiyo ni kubwa. Mtu wa African Sports alikuwa anatoa senti zake mwenyewe, na wenzake walikuwa na haki ya kumwuliza. Rais aliyewasaidia Yanga alikuwa mkuu wa serikali, na serikali yake haikuulizwa. Tutakuwa tunawadanganya wasomaji wetu tukiisifu mikono yake iliyojenga na kuyafumbia macho mengine. Tangu Mapinduzi mpaka kufa kwake hapakupigwa kura ya kuichagua serikali ya Zanzibar. Watu walitiwa ndani bila hukumu ya mahakama, na wako ambao jamaa zao hawakuwaona tena. Miaka ile ile iliwapa wakulima ardhi na wananchi wa Ng'ambo nyumba bora, na hayo yote mawili ni sehemu za maisha ya mtu mmoja. Mama wa genge alipouliza juu ya mfuko, hatudhani alitaka kumvunjia marehemu heshima. Aliuliza lile ambalo mtu wa mashua angeuliza gatini.

Je, nyumba iliifanyia nini Yanga? Iliipa mahali pa kukutania, na mwanachama kutoka bara aliyefika Dar es Salaam aliweza kuiona kwa macho na kusema hapa ni petu. Hilo si jambo dogo. Walakini haikupita miaka mingi baada ya kufa kwa Mzee Karume, ugomvi ukaingia katika klabu, wachezaji hodari na wanachama wakatoka, na mwaka 1976 ikazaliwa Pan African. Kuta hazikuweza kuwapatanisha. Nao uwanja wa Kaunda, ulio kando ya nyumba ile, uliliwa na maji ya bonde la Jangwani mpaka ukawa matete. Misimu ya mvua ilipita mingi, na kila mara wanachama walisikika wakingoja mfadhili ajaye kufukia. Simba nao hawana la kuwacheka majirani zao, kwa maana nao wamekaa miaka mingi wakitazama mlango ili waone ni tajiri gani atakayeingia.

Leo vilabu vyote viwili vimo katika mfumo wa hisa, na kanuni ya nchi yasema wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi asilimia 49. Wananchi wa Kabungu walilijua jambo hilo barabara, hata kuliko tulivyotazamia. Walichotaka kujua ni kama mwanachama wa Katavi, mwenye kadi aliyoilipia, anaweza kusimama mkutanoni akauliza habari za ile 51 na akajibiwa. Kadi yenyewe walituonyesha. Mzee wa Yanga aliitoa katika mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne, na kijana wa Simba akakiri kwamba yeye hana, bali ana jezi.

Mzee Karume aliuawa kwa risasi jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, Kisiwandui, katika makao makuu ya Afro-Shirazi, alipokuwa ameketi akicheza bao na wenzake. Amezikwa hapo hapo. Uwanja wa Karume pale Ilala umepewa jina lake, na hapo ndipo zilipo ofisi za shirikisho la mpira wa nchi yetu.

Giza lilipoingia Kabungu tuliaga. Mama wa genge alikuwa amekwisha funga nyanya na dagaa wake, naye hakujibiwa bado. Wale wawili walikuwa wamerudi kwenye magoli.