Albert Claude, mtoto wa kiwanda cha chuma aliyeifungua seli

Kila anayesomea udaktari, hapa Lubumbashi au kwingineko, hujifunza sehemu za seli. Mmoja wa waliofungua njia ya kuzitenganisha ni Mbelgiji Albert Claude.

Alizaliwa Longlier mwishoni mwa karne ya 19. Alikuwa na miaka 7 mama yake alipofariki kwa kansa ya titi. Aliacha shule mapema, akafanya kazi kwenye kiwanda cha chuma. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sheria iliwaruhusu waliopigana kuingia chuo kikuu bila diploma ya sekondari. Akawa daktari, Liège, mwaka 1928.

Mwaka uliofuata alikwenda Taasisi ya Rockefeller, New York, kutafuta chanzo cha kansa. Alianza na uvimbe wa kuku, kisha seli za kawaida. Alizisaga na kuzizungusha kwa mashine yenye kasi. Kama vile madini yanapooshwa, kizito kilitangulia chini: kiini cha seli kwanza, vidogo baadaye.

Kwa viini vilivyotengwa namna hiyo, watafiti wa baadaye waligundua kwamba mafuta hayajengi ngozi ya seli tu. Mengine hubeba ujumbe ndani ya kiini: hushikamana na protini zinazowasha au kuzima jeni. Ujumbe huo ukivurugika, unaweza kuchangia kansa.

Claude alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, pamoja na Christian de Duve na George Palade. Alifariki Bruxelles mwaka 1983. Ugonjwa uliomchukua mama yake haujaisha, lakini leo unafuatiliwa hadi ndani ya kiini.